Mita Elfu Mbili za Gaspar

Jumapili, 24 Agosti

Leo nimefanya jambo kubwa. 

Baada ya Komunyo, wakati wa matangazo, Madam Capitoline alipewa nafasi. Huyu ni mlezi wa wasichana kwenye shule moja ya sekondari kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Alisema bweni la wasichana limesimama, lina bati, lina milango, lakini ndani hakuna hata kitanda kimoja. Bila vitanda ishirini vya ghorofa halifunguliwi. Lisipofunguliwa kabla ya shule kurudi kutoka likizo fupi, tarehe 15 Septemba, wasichana wa kidato cha nne wanaotoka mbali watabaki nyumbani. Na mtihani wa taifa ni Novemba.

Gideon akasimama. Nilijua atasimama. Gideon ana duka la vifaa vya ujenzi, na kitambi cha mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana alitoa bati za ukumbi wa parokia. Sasa juu ya mlango wa ukumbi kuna kibao chenye jina lake kwa rangi ya dhahabu. Kila Jumapili napita chini ya jina la Gideon kwenda kunywa chai! Leo akaahidi magodoro arobaini. Makofi, vigelegele.

Nikasimama na mimi. Sikuwa nimepanga, miguu ilisimama yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Shanwe, mjini Mpanda. Magodoro arobaini sina. Lakini niliwahi kuona kwenye simu watu wa Ulaya wakiogelea baharini ili wachangiwe. Nikatangaza kwamba mimi, Gaspar, nitaogelea Ziwa Tanganyika mita elfu mbili kwa ajili ya elimu ya watoto wa wakimbizi. Kila mita mia itakuwa na mwenyewe. Mwenye mia akishuhudia mia yake imeogelewa, anatoa kitanda. Mia ishirini, vitanda ishirini!

Makofi marefu kuliko ya Gideon. Nimeyapima kwa masikio yangu mwenyewe.

Gideon akauliza, mbele ya kanisa zima, nilijifunzia wapi kuogelea. Nikamjibu kwamba vipaji vingine mtu huzaliwa navyo. Nimezaliwa Mwamkulu, kwenye majaruba ya mpunga. Maji yenye kina kirefu kuliko yote niliyowahi kuingia yalinifika magotini.

Romana, mke wangu, ugali wa leo ameusonga kwa nguvu sana.

Jumatatu, 25 Agosti

Mia zinagombaniwa! Kwaya imechukua mbili. Bodaboda wa stendi moja. Akina mama wa mchele sokoni tatu, na wanataka zifuatane. Romana amechukua ya kwanza, kwa sababu anasema hana uhakika na zinazofuata. Gideon amechukua ya kumi. Nilimuuliza kwa nini ya kumi. Akasema anapenda vitu vya katikati. Sikupenda alivyocheka.

Mpaka jioni zimekwisha kumi na tisa. Imebaki ya ishirini, ya mwisho kabisa.

Nilitaka tufanye Jumamosi hii ili jambo lisipoe. Romana akakataa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mnada wa Kabungu, yeye anauza chai huko, na barabara yote kutoka mjini hujaa ng'ombe, watu na pikipiki tangu alfajiri. Basi iwe Jumamosi ya tarehe 6 Septemba. Mtu mkubwa lazima asikilize watu wake. Kwa hiyo nina siku kumi na mbili za kujifunza kuogelea. Zinatosha. Cherehani nilijifunza kwa tisa.

Jumatano, 27 Agosti

Mazoezi ya kwanza. Nilikwenda bwawani Milala mapema, nikiwa na taulo na moyo mkuu. Nikaingia mpaka kiunoni. Hiyo tayari ni rekodi. Nikajilaza juu ya maji kama nilivyoona kwenye simu. Nikazama. Nikasimama, nikajilaza tena, nikazama tena, ila safari hii kwa utaratibu zaidi.

Hapo kiboko akatoa kichwa, si mbali, akaniangalia. Nikatoka. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kambale ukingoni anasema hajawahi kuona mtu akitoka majini kwa kasi ile. Nimeliandika hapa kwa sababu ni ushahidi kwamba miguu yangu ina nguvu, na kuogelea ni miguu.

Taulo limebaki kule. Ni la Romana.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeshona kitu ambacho hakijawahi kushonwa Mpanda. Ni fulana ya kuogelea, kitambaa cha sare, rangi ya bluu bahari, na ndani yake mifuko kumi na minne. Kila mfuko una chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo. Mishono miwili miwili. Mtu akiivaa hawezi kuzama hata akitaka. Romana alicheka mpaka akaketi chini. Nikamkumbusha kwamba hata mtu wa kwanza kuvaa viatu alichekwa.

Mchana alikuja Madam Capitoline na msichana mmoja wa kidato cha nne, Séverine, mwembamba, macho ya mtu anayehesabu. Madam alimleta nimshonee sketi, na pia alikuwa na habari: mia ya ishirini imepata mwenyewe. Ni bibi yake Séverine. Bibi hana fedha za kununua kitanda. Atatoa chake, cha mninga, alichochongewa na marehemu mume wake.

Nikasema hapana, bibi atalala wapi. Séverine akasema bibi ameshasema, na bibi akishasema hakuna anayerudi nyuma. Yeye mwenyewe sasa hivi amepanga chumba na wenzake wawili nyuma ya duka, karibu na shule. Mlango haufungi. Bibi amemwambia likizo ikiisha, kama hakuna bweni, asirudi kwenye chumba kile, akae nyumbani mpaka Mungu apende.

Nikamwambia asijali, wakimbizi wote watajivunia mimi. Akasema yeye amezaliwa Katumba, na mama yake pia kazaliwa Katumba, ila watu wameshazoea neno. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa adabu zote:

"Mzee Gaspar, kweli unajua kuogelea?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Sikuweza kujibu. Namshukuru Mungu kwa pini zile.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwenda sokoni kwa Salima. Ni mfanyabiashara wa samaki kutoka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, karibu na Karema. Kila Jumatatu anashusha dagaa na migebuka hapa mjini. Mama wa makamo, mabega mapana, anaogelea tangu hajaota meno. Nilimwambia siri yangu, kwamba ujuzi wangu wa kuogelea umelala kidogo. Akasema nije Alhamisi, atauamsha.

Nikauliza kuhusu mamba. Akasema kwao mamba si wengi. Nimelifikiria hilo neno mchana kutwa.

Lakini alinipa habari nyingine ya thamani kubwa, bila kujua. Nilimuuliza wavuvi wao wanafanya nini asubuhi. Akasema wavuvi wa dagaa hushinda ziwani usiku kucha na taa zao, wanarudi alfajiri, wanauza, halafu wanalala. Saa tatu asubuhi ukipita mwaloni unasikia mikoromo tu. Akataka kuendelea kueleza, kuna siku hivi na siku vile. Nikamwambia inatosha, nimeelewa.

Wavuvi wamelala! Saa tatu asubuhi hakuna macho ziwani. Mpango umenijia pale pale, nikiwa nimeshika fungu la dagaa. Niko karibu kujiogopa.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango ni huu. Shemeji yangu Maiko, kaka yake Romana, ana boti ya injini kule kule mwaloni. Njia ya kuogelea itafuata ufuko: naanzia mwaloni, napita nyuma ya jiwe kubwa linaloingia ziwani, natokea upande wa pili, kwenye mchanga chini ya kanisa. Nyuma ya jiwe watu wa Mpanda hawaoni kitu. Kwa hiyo naogelea mia nne za mwanzo kwa fulana yangu. Nikifika nyuma ya jiwe, napanda boti, nalala chini ya turubai. Maiko ananisogeza polepole hadi mia ya mwisho. Naingia tena majini. Natokea. Picha!

Si udanganyifu. Vitanda vitapatikana, wasichana watalala, bibi atafurahi. Kuna mtu ataumia wapi? Nimekaa na swali hili kwa muda mrefu na sijamwona huyo mtu.

Nikampigia Maiko, nikamwambia wavuvi watakuwa wamelala. Akasema, "Shemeji, Jumamosi hii?" kwa sauti ya mtu anayetaka kunifundisha. Nikamwambia anifundishe injini, mambo ya wavuvi nimeyasoma kwa mtaalamu. Akasema sawa. Maiko ni mtu mwenye heshima.

Alhamisi, 4 Septemba

Niko mwaloni, nimefikia kwa Maiko. Ziwa ni kubwa. Nilijua ni kubwa, lakini sikujua kwamba ni kubwa kiasi cha kutoonyesha mwisho.

Salima alinipokea amefunga vitenge viwili na hana mzaha. Alinishika kisogoni kama anavyoshikwa mtoto anayebatizwa, akaniambia nilegee. Nikasema nimelegea. Akasema hapana, umekuwa ubao. Saa nzima. Mara ya arobaini hivi, akatoa mkono, na mimi nikabaki juu! Niliona mawingu. Fulana ilinibeba chali, uso juu. Nikipiga miguu nakwenda nyuma, kichwa mbele. Salima alisema huko ni kuogelea, maadamu mtu anajisukuma mwenyewe.

Naogelea! Mimi, mtoto wa Mwamkulu! Nilitamani Gideon angekuwepo. Halafu nikanywa maji kiasi nikaacha kutamani.

Ijumaa, 5 Septemba

Maiko amepanga madumu ya njano ishirini majini, kila mita mia dumu moja limefungwa kwa kamba kwenye jiwe dogo chini. Jina la mwenye mia limeandikwa kwa rangi. Yanapendeza. Dumu la Gideon liko katikati nyuma ya jiwe, kama nilivyotaka, na dumu la mwisho limeandikwa BIBI.

Watu wa Mpanda wamefika kwa lori la Gideon. Kwaya, bodaboda, akina mama wa mchele, paroko msaidizi, mpiga picha. Romana amekuja na taulo jipya, amelishika mwenyewe. Madam Capitoline ameleta wasichana kumi na watano na bibi yake Séverine. Bibi alishuka akageukia milima, akaketi akiwa amelipa ziwa mgongo. Séverine alinieleza kwamba bibi alilivuka ziwa hili na mtumbwi zamani, kutoka kule ng'ambo, akiwa msichana wa umri wake, hajui kuogelea, na tangu siku ile hajawahi kulirudia. Nikasema hali ya hewa ni nzuri.

Jioni mwezi umetoka nyuma ya milima, mkubwa, wa mviringo, unaangaza mpaka unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Nimeuona ni dalili njema.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nikiwa nimevaa kanga ya Romana, nguo zangu zote zimelowa. Nitaandika yote kwa mpangilio, kama askari.

Saa tatu kamili. Kwaya inaimba. Paroko msaidizi ananibariki, maji kidogo juu ya maji mengi. Naingia. Fulana inanibeba. Mia ya Romana: imekwisha! Séverine anatembea ufukoni na daftari, amepewa kazi ya kuandika kila mia iliyoogelewa na jina la mwenyewe. Mia ya pili, ya tatu. Mapaja yanawaka moto. Mia ya nne ni ya bodaboda, walipiga honi za pikipiki ambazo hawakuja nazo, kwa midomo. Kisha jiwe likaja, likawafunika wote. Kimya.

Boti ya Maiko ikanisogelea. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwenda msibani. Alisema, "Shemeji, bado unaweza kuendelea kuogelea." Nikamwambia asiharibu mpango. Nikapanda, nikalala chini ya turubai, juu ya nyavu zinazonuka. Injini ikaanza kwa sauti ndogo. Nikajipongeza. Nikahesabu mia kwa kichwa, tano, sita, saba.

Nikasikia mtoto analia. Nikasikia redio. Nikasikia kikohozi, tena cha karibu, halafu vicheko vya watu wengi ambao walikuwa wanajizuia na sasa wameshindwa.

Nikainua ncha ya turubai. Nyuma ya jiwe kuna ufuko. Ufuko mzima ulikuwa umejaa watu! Wavuvi hamsini au zaidi, macho makavu, wameketi wanashona nyavu. Wanawake, watoto, sufuria za uji. Wote wanaiangalia boti. Na mbele yao, karibu na dumu la kumi, amesimama Gideon. Alikuwa amekatiza juu ya jiwe kwa miguu ili aone mia yake. Séverine naye alikuwa amefuata njia ile ile, na daftari lake, na nyuma yake Madam Capitoline na nusu ya kwaya.

Salima akasimama kati ya wavuvi, akaweka mikono kiunoni.

"Mzee Gaspar, unapita mia ya nani hiyo?"

Nilisema nilikuwa nakagua boti. Salima ndiye aliyenieleza, kwa sauti ambayo ng'ambo ya ziwa waliisikia, alichotaka kunieleza sokoni. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaijali taa, na wavuvi hawatoki. Siku za mbalamwezi mwalo mzima unalala usiku na kushona nyavu mchana. Hata mtoto wa pale analijua. Nilikuwa nimechagua, katika mwezi mzima, siku ambayo kila mvuvi yuko macho, nchi kavu, na hana kazi nyingine ila kunitazama.

Nikamwangalia Séverine. Heri nisingemwangalia. Alikuwa ameandika kitu kwenye daftari, sasa anakifuta na kifutio, polepole. Mia nne. Vitanda vinne. Pale chini ya turubai nilimwona yule mtu wa kuumia niliyemtafuta Jumanne. Niliona aibu, na naliandika hivyo hivyo.

Gideon akasafisha koo. Akasema kwa masikitiko makubwa, masikitiko ambayo yalimfurahisha sana, kwamba basi ahadi zimekufa, hakuna mia, hakuna kitanda. Kwaya wakaanza kunung'unika. Wengine wakasema turudi mjini mapema.

Hapo Séverine akafunga daftari. Hakupaza sauti.

"Nyie wenye mia, naomba niwaulize. Mlikuja kumwangalia mzee Gaspar, au mlikuja sisi tupate pa kulala?"

Mwenyekiti wa kwaya aliangalia viatu vyake. Halafu mwenyekiti wa kwaya akasema kwamba mia zao ni mbili, na yeyote atakayeziogelea, vitanda vitatoka. Akina mama wa mchele wakasema hata zao. Salima akawageukia wavuvi, akawauliza kama kuna mwenye kazi leo. Hawakuwa na kazi. Ndiyo maana walikuwa pale.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Waliingia majini wakicheka, wazee na vijana, kila mtu na dumu lake. Mmoja aliogelea na kofia kichwani na haikulowa. Salima alifunga vitenge vizuri, akaogelea mia mbili za akina mama wa mchele bila hata kuhema, na ya tatu akaiogelea kwa raha zake. Séverine anakimbia ufukoni, anaandika, anaandika. Wavuvi walipofika dumu la kumi wakasita. Gideon alisema yeye mia yake haiogelewi na mtu mwingine, aliichukua ili aiogelee Gaspar. Salima, bado yuko majini, akamwambia kama ni hivyo aiogelee mwenyewe. Ufuko mzima ukamgeukia. Gideon akayaangalia maji. Kisha akasema kwamba, kwa moyo wa upendo, atatoa vitanda viwili bila kuogelewa chochote. Salima akasema cha pili kiende kwa bibi, na mvuvi mmoja akaimaliza mia ile bure. Nilifurahi kuliko inavyoruhusiwa.

Maiko aliwafuata polepole na boti, mimi ndani, mpaka ikabaki mia ya mwisho. Dumu la BIBI. Mvuvi mwenye kofia alijiandaa. Nikasimama botini, nikasema hiyo ni yangu. Sitaficha, nilikumbuka kwamba mpiga picha yuko mchangani chini ya kanisa. Lakini pia nilikuwa nimemwona bibi pale mchangani. Alikuwa amesimama. Amegeuka.

Nikaruka. Chupa tatu zilitoka mifukoni kwa kishindo cha kuruka. (Zilitoka kwa juu. Mishono haikuachia.) Nikalala kidogo upande. Maji mdomoni, maji puani. Nikapiga miguu. Kwaya wakaanza kuimba, wavuvi wakapokea wimbo wasioujua. Nilifikiri nakufa, nikafikiri kitanda cha mninga, nikapiga tena. Halafu kitu kikanigonga. Nikajua ni mamba. Kilikuwa ni mchanga. Maji yalikuwa magotini, kama Mwamkulu.

Bibi alikuwa ameingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, amekunja kitenge. Akanishika mkono kuniinua, na mwili wake mdogo ule. Akasema:

"Hili ziwa nililivuka nimefumba macho, mwanangu. Leo nimeliangalia."

Nililia. Kulikuwa na maji mengi usoni, hakuna aliyejua. Romana alijua. Alinipa taulo.

Jumapili, 7 Septemba

Mwili mzima unauma, hata kucha. Nimetafakari matukio ya jana kwa utulivu. Mia nne za mwanzo na ya mwisho niliziogelea mwenyewe. Zilizobaki niliziongoza. Mtu wa haki ataona kwamba bila mpango wangu wavuvi wangekaa tu wanashona nyavu.

Nimemweleza Romana hivyo tukiwa njiani kurudi. Alisema kwamba mia ya kwanza ilikuwa nzuri, alijivuna, na kwamba kitanda chake atakilipa kwa furaha. Kisha akasema kwamba nikidanganya tena kanisani atahamia mnadani moja kwa moja. Nimechukua sehemu ya kwanza.

Jumamosi, 13 Septemba

Bweni limefunguliwa! Vitanda vyote vipo, vinanukia mbao mbichi na vanishi. Magodoro ya Gideon pia yapo, sina budi kuyataja. Kitanda cha bibi kimewekwa pembeni ya dirisha, kipana, cheusi kwa uzee, kizuri kuliko vyote. Séverine ndiye atakayelala hapo mpaka mtihani. Bibi amekwisha kupata kipya kutoka kwa Gideon, anasema kinalia usiku.

Wasichana wote walivaa sketi zangu. Séverine alisoma majina ishirini ya wenye mia kutoka kwenye daftari, na kila mmoja alisimama. Halafu akasoma jina la kila mvuvi. Salima alikuwepo, na kikapu cha migebuka kwa ajili ya chakula cha kwanza. Madam Capitoline alishindwa kumaliza hotuba, akaishia kufuta miwani. Nilikaa pale nikaona watoto wa watu wanachagua vitanda, juu au chini, wanabishana, wanacheka, mlango unafunga vizuri kwa kufuli. Kifua kilinijaa. Hata kama hakuna mtu angenitaja, ningeridhika.

Lakini nilitaka kutajwa. Kibao kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa. Nilivaa suti. Kitambaa kikavutwa. Kimeandikwa: BWENI LA MBALAMWEZI. Wasichana walipiga kura wenyewe.

Watu walicheka, Gideon zaidi ya wote. Mimi nilisimama nikapokea makofi, nikainamisha kichwa kulia na kushoto. Tarehe ile nani aliichagua? Kibao ni changu. Jina tu ndilo la mwezi.

Jumapili, 14 Septemba

Leo kwenye matangazo Madam Capitoline alishukuru parokia, akataja kidogo tu kwamba bweni halina tangi la maji na wasichana wanachota mbali. Gideon akaanza kuinuka. Anainuka polepole kwa sababu ya kitambi. Nikamtangulia.

Nimetangaza kwamba nitakimbia kwa miguu yangu, bila kupumzika, kutoka Shanwe hadi Kabungu. Kila kilomita itakuwa na mwenyewe. Makofi! Paroko msaidizi alifumba macho, nadhani ni kwa sala.

Sijakimbia tangu darasa la saba, ukiondoa siku ya kiboko. Lakini mpango upo. Nakimbia kilomita ya kwanza mbele ya watu. Nikishapita nyumba za mwisho, bodaboda wangu ananisubiri kwenye kichaka na koti na helmeti. Nashuka karibu na Kabungu, naingia kwa miguu nikihema. Kinachohitajika ni siku moja tu ambayo barabara haina mtu.

Safari hii nimefanya utafiti. Nimeangalia mwezi. Tarehe 27, Jumamosi, hakuna mbalamwezi kabisa. Nimeshaitangaza.

Romana alipoisikia tarehe aliacha kupepeta mchele, akasema ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akataka kuendelea. Nikamwambia inatosha, nimeelewa, mnada ni mambo ya ng'ombe, mimi nakimbia peke yangu.